Siku Nzima na Mashine Pepe Iliyokataa Kuwaka

Saa moja na robo asubuhi nilikuwa nimeshavuka Likoni kwa feri, na saa mbili haijagonga nilikuwa nimeketi ofisini karibu na Barabara ya Nkrumah, mbele yangu glasi ya chai ya maziwa na mahamri mawili. Kampuni ninayoitunzia kompyuta ni ya uwakala wa forodha. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuandaa mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, yenye mfumo wa Debian ndani ya kompyuta yenye Windows, ili tuijaribie seva mpya ya mafaili kabla ya kuigusa ile wanayoitegemea makarani. Kijana anayejifunza kazi kwangu alikuwa ameshapakua faili la ISO, yaani nakala ya diski ya usakinishaji, tangu jana yake, nami nilikadiria nusu saa.

Saa mbili na nusu niliiwasha kwa VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, skrini nyeusi ikanijulisha kwamba hakuna kifaa cha kuwashia mfumo kilichopatikana, kisha mashine ikasimama. Ujumbe huo mara nyingi huletwa na jambo dogo, kwa hiyo nilianza na madogo: nilihakikisha faili la ISO limepachikwa kwenye kiendeshi cha CD cha mashine hiyo, na kwamba kiendeshi hicho kinatangulia diski, ambayo bado ilikuwa tupu. Vyote vilikuwa sawa.

Saa tatu na nusu nilishuku kwamba faili liliharibika lilipopakuliwa. Tulikokotoa alama yake ya SHA-256, ambayo hubadilika faili likiharibika hata kidogo, kwa amri ya certutil, tukazilinganisha herufi na tarakimu zote 64, kijana akizisoma nne nne kutoka kwenye orodha aliyoipakua pamoja na faili, nami nikifuata kwa kidole kwenye skrini. Zililingana, na hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu nililitoa faili katika orodha ya washukiwa nikaigeukia kompyuta yenyewe. Niliingia kwenye BIOS, programu ya kuwashia kompyuta, kutazama kama VT-x, uwezo wa prosesa wa kusaidia mashine pepe, imezimwa; ilikuwa imewashwa. Niliifuta mashine pepe nikaiunda upya, mara mbili. Umeme nao ulikatika saa tano.

Saa saba na nusu, niliporudi kutoka kwenye sala ya adhuhuri, niliamua kuijaribu kwa EFI, njia mpya ya kuwashia mfumo, badala ya BIOS ya zamani. Haikuwaka, lakini safari hii ilinifikisha kwenye neno Shell na alama ya kusubiri amri. Niliandika fs0: ili kuingia kwenye ISO, kisha nikaorodhesha yaliyomo katika folda ya EFI\BOOT. Faili la kuwashia lilikuwepo, jina lake bootaa64.efi. Prosesa kama yetu hutafuta bootx64.efi. Ndipo nikalisoma jina la ISO lote, kwa mara ya kwanza siku ile: debian-12.5.0-arm64-netinst.iso.

"Kaka, kompyuta yetu ni ya Intel," kijana alijitetea. "Nilipoona nyingine imeandikwa amd64 nikajua ni ya wenye AMD."

Sikuwa na uso wa kumlaumu, maana jina hilo linapotosha kweli. AMD ndio waliobuni upanuzi wa biti 64 wa prosesa za x86, ukoo wa prosesa yetu, na kuuingiza sokoni kwa prosesa yao ya Opteron mwaka 2003. Intel waliufuata mwaka 2004, na jina la amd64 likabaki kwa wote wawili. Hiyo arm64 ni ya prosesa za ukoo mwingine, kama zilizo kwenye simu zetu na kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi, na VirtualBox kwenye kompyuta ya Intel haiigizi prosesa ya ukoo huo. Alama tuliyoihakiki asubuhi ilithibitisha tu kwamba faili lilifika zima. Kwamba halikuwa letu, haikuwa kazi yake kusema.

Kupakua faili sahihi kulichukua dakika 40. Nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zimetua papa hapa Mombasa tangu mwaka 2009, lakini ndani ya jengo letu hilo halionekani.

Saa tisa na nusu menyu ya Debian ilitokea, na usakinishaji ukaenda bila kikwazo. Kabla ya kuiwasha upya nilimwachia kijana aichomoe ISO kwenye kiendeshi, mashine isije ikarudi kwenye menyu ileile, naye akalisoma jina la faili kwa sauti kabla ya kubofya.