Kibwezi hadi Mutomo, msimu wa tano bila mvua

Ukitoka Kibwezi, kule Ukambani mashariki mwa Kenya, ukaiacha barabara ya Mombasa na kushika lami ya Mutomo na Kitui, haichukui muda unakutana na Mto Athi. Nilipopita Oktoba 2022 ulikuwa na maji, na jirani yangu kwenye matatu akacheka: "Si walisema Ukambani hakuna maji?" Maji hayo hupitia Nairobi na kubeba uchafu wake, na wanaoyanywa huku chini wanajua wanachokinywa. Ng'ambo ya daraja tukakwea Yatta, ule mgongo wa lava ulionyooka karibu kilomita 300. Baada ya hapo kila daraja tulilovuka lilikuwa juu ya mchanga mtupu.

Serikali ilikuwa imeutangaza ukame ule kuwa janga la kitaifa tangu Septemba 2021. Kufikia safari yangu, misimu minne ya mvua ilikuwa imefuatana bila mavuno ya maana. Picha zilizokuwa zikifika mjini ni za mizoga ya ng'ombe kutoka kwa wafugaji wa Marsabit na Wajir, kwa hiyo nilishuka kwenye gari nikitazamia kuona la kutisha. Sikuliona. Ukame wa mkulima haupigiki picha. Shamba nililofikia lilikuwa limelimwa vizuri, matuta ya fanya juu, yale ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, yamenyooka, uwanja umefagiliwa. Ilibidi uinamie mabua ya msimu uliopita ndipo uone kwamba mengi hayakufika magotini, na pale ambapo hindi lingeshika palikuwa na majani makavu tu. Mengine mbuzi walikuwa wameshayamaliza.

Mwenyeji wangu, mama anayelea wajukuu wakati wanawe wakitafuta riziki Nairobi, hakuwa na hamu ya mazungumzo ya ukame. "Twende maji kwanza, mwanangu. Jua likipanda huyu punda atagoma."

Tulifika kwenye kijito kikavu kungali na giza. Kila familia ina shimo lake mchangani, limezungushiwa miiba ya mgunga ili mifugo isilitibue. Akaiondoa miiba, akashuka mpaka nikaona kitambaa chake cha kichwa tu, akaanza kuchota kwa kopo. Makopo matatu, maji yakaisha. Akangoja. Yakachuruzika tena kutoka ubavuni, akayamwaga ya mwanzo yaliyochafuka, yaliyofuata akayatia mtungini. Sisi wa juu tulikatazwa kusogea ukingoni, kwa kuwa mchanga ukiporomoka kazi inaanza upya, na aliye ndani anaweza kufukiwa. Punda hubeba mitungi minne ya lita 20. Kuijaza kulikula asubuhi nzima, na siku ya maji mjukuu mkubwa haendi shule.

Mchana bodaboda ikanipeleka kijito kingine, mwendo mfupi tu kutoka pale. Anga ni lile lile, mvua waliyoikosa ni ile ile, lakini foleni ya huku ilikuwa inasonga. Miaka kadhaa nyuma wanakijiji walijenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza kijito, ukakaa juu ya mwamba. Mafuriko ya kila msimu yaliuletea mchanga hadi nyuma ya ukuta pakajaa, na mchanga wa namna hiyo unaweza kushika maji kufikia hata asilimia 40 ya ujazo wake. Jua haliyafikii yaliyo chini, ng'ombe hawayakanyagi, na kwa sehemu yanajichuja yenyewe. Bila mvua hata bwawa la mchanga la namna hii hatimaye hukauka, lakini hili lilikuwa bado linatoa, na kando yake mtu alikuwa na tuta la sukuma wiki la kijani kabisa.

Nikauliza kwa nini kijito cha mwenyeji wangu hakina ukuta. Bodaboda akanionyesha sehemu yake ya chini: mwamba mtupu. Ukuta ungejazwa na nini? Mchanga uliondoka na malori, ukaenda kujenga maghorofa ya mjini. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kudhibiti uchimbaji wa mchanga mwaka 2015, na Kitui ikapiga marufuku kuusafirisha nje ya kaunti mwaka 2018. Malori, aliniambia, yalihamia usiku. Vijana wanaopakia kwa sepetu nawaelewa, shamba halijawalipa tangu 2020. Mwenye lori simwelewi.

Jioni mama akamimina mbegu kwenye ungo: ndengu, kunde, na mahindi ya Katumani yanayokomaa haraka. Huku mbegu hutangulia mvua ardhini, kwa kuwa mvua yenyewe ni fupi na anayeingoja ndipo alime huwa ameshachelewa. Hatari yake ni manyunyu ya uongo, yanayoiamsha mbegu kisha yakaiacha juani. Alizitenga ndengu na kunde za kutia wiki ile. Mahindi akayafunga tena.

Mvua ya Oktoba hadi Desemba ikakosekana, msimu wa tano mfululizo. Nilipompigia mwaka mpya ulipoingia, alisema ndengu ziliota, zikatoa majani mawili matatu, zikaishia hapo. Mahindi aliyatia Machi 2023 mvua iliporudi, ingawa Ukambani mvua ya Machi si ya kutegemewa kama ya Oktoba. Hakunisimulia sana. Alitaka nimuulizie bei ya mbegu ya ndengu Nairobi, maana ya duka la karibu ilikuwa imeshapandishwa.