Angeacha nafasi

Leo siku ya nane, na neno la Baba Mkubwa bado linanizunguka kichwani. Nimeosha nalo vyombo, nimesahihisha nalo madaftari ya kidato cha tatu, nimekwenda nalo sokoni nikarudi bila vitunguu.

Alipita Jumamosi iliyopita akitoka kununua dawa ya mbuzi wake. Mnamjua: ndiye aliyekuwa na baba karakana ya reli miaka yote ile, na ndiye aliyesimamia mashine ya baba ya kukereza vyuma iteremke salama kwenye lori siku tulipoileta bandani. Nilikuwa nimeshamaliza kufunga chaki mpya, kile kishikio chenye taya kinachobana chuma kikizungushwa, nimeifuta mafuta, nimefungua mlango wa banda makusudi ili mtu akiingia aione.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Naona chaki mpya."

"Mpya. Ile ya zamani taya zimetanuka mdomoni, zinashikia nyuma tu."

"Na sahani yake nani kakuchongea?"

"Nimechonga mwenyewe."

Akainama. Akaizungusha chaki kwa mkono, pole pole, kisha kidole chake kikatua pale mgongo wa chaki unapokutana na sahani, lile bamba linaloiunga chaki na mashine. Akasema: "Hapa baba yako angeacha nafasi."

Basi. Akanywa chai, akauliza mapacha wa dada wanaendeleaje, akaondoka. Sikumwongeza kikombe cha pili.

Ile sahani ilinichukua Jumamosi tatu. Mashine ya baba ni Myford ML7, na ncha ya spindo yake, ule mhimili unaozunguka, ina thredi, yaani mikato ya parafujo, ya inchi moja na moja ya nane, 12 kwa kila inchi, pembe ya nyuzi 55. Chaki niliyoifuata Dar ni ya milimita 100, taya tatu, aina ya K11. Ina mgongo bapa na matundu matatu ya bolti za M8 (milimita 8), haina thredi ya kuingia kwenye spindo yangu. Kwa hiyo lazima kati yao ikae sahani. Kwanza nilichonga nakala ya ncha ya spindo kwenye kipande cha shafti, maana sahani ikiwa imebanwa kwenye mashine huwezi kuijaribu kwenye spindo ileile inayoizungusha. Nikakata thredi ya ndani, kidogo kidogo, nikijaribu na ile nakala mpaka ikaingia bila kuchezacheza. Kisha nikaigeuza sahani, nikaifunga mahali pake kwenye spindo, na hapo ndipo nikamalizia uso na bega lake, lile duara lililoinuka linaloingia mgongoni mwa chaki, ili vifuate mzunguko wa spindo hii na si mwingine. Vumbi la kasti, chuma cha kusubu, ni jeusi kama masizi. Siku mbili nilipenga kamasi nyeusi.

Kikombe cha mgongo wa chaki, shimo la duara linalopokea bega, kina milimita 72. Bega langu nililifikisha 72 kamili. Chaki iliingia kwa kugongwa na nyundo ya plastiki, ikakaa kama kizibo. Niliposikia ule mlio wa mwisho, tup, machozi yalinitoka, nikafurahi niko peke yangu.

Halafu mtu anakuja kuniambia baba angeacha nafasi.

Nilivyosikia mimi: baba angewaachia wenye kazi yao. Mnakumbuka kikao cha arobaini, wajomba waliposema mashine iende kwa kaka, kaka mwenyewe akisema haitaki, na bado wakaona afadhali iuzwe kuliko iende kwa mwalimu wa fizikia mwenye mtoto mdogo. Siku ile Baba Mkubwa alinyamaza. Miaka miwili nimekuwa nikiuhesabu ukimya ule kuwa upande wangu. Jumamosi nikauhesabu upya. Barua ya uhamisho wa Baba Nuru kwenda Singida imefika Jumanne na sikumbuki hata nilimjibu nini, nilikuwa nasema moyoni: nafasi, nafasi gani?

Alhamisi jioni nikaamua kuisafisha ile chaki ya zamani niitie mafuta niihifadhi. Nikalegeza bolti zake tatu kidogo tu. Chaki ikacheza juu ya sahani yake, kwa upande, nikaisikia mkononi. Siku zote nilijua inacheza, na siku zote nilisema ni uchakavu. Safari hii nikaitoa kabisa, nikaifuta sahani kwa mafuta ya taa, nikaipeleka penye taa. Kwenye bega, mistari ya ncha ya kukatia ilikuwa ingali imesimama, safi, imekaribiana kama mistari ya santuri. Bega lililolika haliwi na mistari. Nikapima: lilikuwa dogo kuliko kikombe chake kwa nusu milimita nzima, duara zima sawasawa.

Hapa, alisema. Na kidole kilikuwa kwenye bega.

Sikula. Nilirudisha sahani yangu kwenye spindo nikapunguza bega mpaka 71.6. Matundu ya bolti nilikuwa nimeyatoboa milimita 9, kwa hiyo nayo yalikuwa na pa kusogea. Nikafunga chaki, bolti zimeshika lakini hazijakaza, nikabana fito ya milimita 20 iliyonyooka, nikaweka dayo geji, kipimo cha sindano kinachoonyesha kuyumba. Kabla, na lile bega langu la kubana, fito ilikuwa ikiyumba milimita 0.08. Nikazungusha, nikatafuta pa juu, nikagonga kidogo na plastiki. Tena. Mara ya sita au ya saba sindano ikabaki ndani ya 0.02. Nikakaza bolti kwa zamu, nikapima tena, haikusogea.

Wapo watakaosema bega lazima libane, kwamba chaki iliyoshikwa na bolti tu itahama ukikata kwa nguvu. Nawaelewa, na kazi nzito sitaifanyia hapo. Na nikiweka fito ya 40 inayumba 0.05, kwa sababu parafujo bapa ya ndani inayosogeza taya zote pamoja haiko sawa kila mahali. Kazi ya usahihi kweli itabaki ya chaki ya taya nne, unayosogeza taya moja moja. Lakini bushi nyingi ninazoletewa za pampu na mashine za unga ni za 20 kwenda 25. Baba alijua hilo. Aliliandika kwenye chuma na mimi nililiita uchakavu.

Baba Mkubwa sijampigia. Jumamosi akipita nitampa ile fito aibane mwenyewe, na chai nitaiweka kwenye chupa kubwa.

Nuru amelala saa hizi, mkono uko chini ya sikio la kushoto. Ni usiku wa tatu analala hivyo. Mchana anasema haumwi, lakini leo nimemwita mara mbili kwa upande ule na hakugeuka.