Siku moja maishani mwangu: muongoza watalii wa Kipolandi, Unguja

Saa kumi na moja alfajiri

Nikishasali nakaa kizingitini na chai ya rangi na daftari langu. Ni daftari la mistari la watoto wa shule, nililiomba kwa binti yangu wa darasa la nne na mpaka leo hajanisamehe. Ukilifungua hutaona Kipolandi chenyewe, utaona kitu kama Kiswahili kilichokabwa koo: "jen dobri" ni salamu ya mchana, "psheprasham" ni samahani, "fshistko" ni kila kitu. Yale maandishi yao halisi, yenye vijiti na mikia chini ya herufi, nilijaribu kuanza nayo nikashindwa wiki ya kwanza. Nikaona bora niandike ninachokisikia kwa herufi zetu, hayo mengine yatafuata. Yamefuata, lakini yamechukua miaka.

Mtaani wananiita papasi. Asiyelijua neno hili ajue kwamba papasi ni kupe, na hapa Unguja ndilo jina la vijana wanaowaganda watalii barabarani. Mimi nina kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii shingoni, nina leseni nailipia, lakini akiniona mtu nazungumza na Mzungu basi nimeshakuwa kupe. Hata kazi yetu haina jina zuri. Tukisema neno la Kiingereza, guide, lilivyo, masikioni linatoka "gaidi", na hao mnawajua ni akina nani. Kinachoniuma zaidi ni hili: watu wanadhani lugha tunaiokota ufukweni kama kombe. "Wewe si unashinda nao tu, lazima utajua."

Haya, leo nifuateni.

Saa kumi na mbili kasorobo

Kosta inanichukua barabarani Fuoni. Nungwi ni zaidi ya saa moja kwenda, na wageni wameandikiwa wpół do ósmej.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana neno hili liliwahi kunila posho ya siku nzima. Linatamkwa "fpuu do usmei". "Usmei" ni ya nane, na nane yao ni saa mbili yetu, mpaka hapo sina tatizo, kila Mswahili anayefanya kazi na wageni amezoea kuongeza na kutoa sita. "Fpuu" ni nusu. Kwa hiyo nikajumlisha kama mtu mwenye akili timamu: nane na nusu, yaani saa mbili na nusu asubuhi. Nikafika hotelini nimetulia, nimepiga pasi, nikakuta watu kumi na moja wamekaa juu ya mabegi wamenuna. Kumbe Mpolandi hahesabu nusu iliyozidi, anahesabu nusu ya kwenda. Wpół do ósmej ni nusu ya kuifuata nane, saba na nusu, saa moja na nusu yetu. Nilichelewa saa nzima kwa kujua maneno yote mawili.

Tangu siku hiyo sijifunzi neno moja moja. Nakamata kifungu kizima kama kilivyo na mahali pake.

Saa moja na nusu

Leo ni kumi na wanne. Nawasalimia mmoja mmoja kwa pan na pani, yaani bwana na bibi, kisha kitenzi unakipeleka kama unamzungumzia mtu mwingine: "Je, bwana atakunywa maji?" huku bwana mwenyewe yuko mbele yako. Vijana wengi wa ufukweni hawajui hili, wanamwita bibi wa watu "wewe" kama wanacheza naye bao. Mimi halikunipa shida. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo anajua mzee hasemeshwi kama rika.

Mimi nilikuwa mtu wa Kitaliano. Miaka tisa nilikula kwa Kitaliano, lugha ambayo inamkaa Mswahili mdomoni vizuri, karibu kila neno linaishia na irabu kama letu. Ikaja 2020, Wataliano wakafungiwa kwao. Katikati ya mwaka Zanzibar ikafungua milango, na ndege zilizoanza kushuka zikawa na Warusi na Wapolandi. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, watoto watatu, na lugha isiyo na mnunuzi. Nikaanza tena na "jen dobri".

Saa tatu, Kizimbani

Shamba la viungo. Mdalasini, hiliki, manjano, mchaichai, naweza kuyasema nikiwa usingizini. Kungumanga wao wanaiita gałka muszkatołowa, na nilikaa nayo wiki mbili kwenye daladala nikiitafuna kimoyomoyo mpaka kondakta akaniuliza kama naumwa. Karafuu ni goździk, jina lililotokana na msumari mdogo, na ukiitazama karafuu kavu huna la kubisha.

Nikaweka karafuu kiganjani, nikahesabu kwa sauti, moja mpaka tano. Na hapo ndipo kidole kikapanda.

Mzee wa miaka sabini hivi, kofia ya ukili aliyoinunua ufukweni, soksi ndani ya makubadhi. "Pięć goździków," akasema. Mimi nilisema pięć goździki.

Alikuwa sahihi, na kanuni naijua, nimeiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Vitu viwili, vitatu na vinne vina umbo moja la jina. Vikifika vitano vinahama umbo, kana kwamba familia imekuwa kubwa inahitaji nyumba nyingine. Halafu ukifika ishirini na mbili vinarudi nyumba ya kwanza. Usiniulize kwa nini. Najua, lakini mdomo una haraka kuliko ujuzi.

Nikamshukuru. Tukaenda kwenye mvanila. Kidole. Kwenye mpilipilimanga, kidole. Nikasema wanawake wawili wanachuma, kumbe mbili ya wanawake ni dwie, nami nilitoa dwa. Kidole, na safari hii akalisema mara mbili taratibu, kama anamfundisha kasuku. Wenzake wakaanza kutazama chini. Mkewe akanisogelea kando, akaniambia kwa kuomba radhi kwamba mumewe alifundisha lugha yao shuleni zaidi ya miaka thelathini, hawezi kujizuia, nyumbani anasahihisha hata redio.

Kwa haki niseme, nikitulia nakubali kwamba sisi ndio tusingepaswa kulalamika juu ya mbili yenye sura nyingi. Wawili, miwili, mawili, viwili, mbili. Mgeni anayejifunza Kiswahili anapitia jehanamu hiyohiyo na sisi tunamcheka.

Lakini pale shambani sikuwa nimetulia. Jua la Januari, kaskazi imelala, watu kumi na wanne wananitazama, na kila nikifungua mdomo kuna kidole hewani. Kuna uchovu wa miguu na kuna uchovu wa kuonekana mjinga katika kazi unayoijua. Mimi najua lini mkarafuu unachumwa, najua mchumaji anavyopanda na kikapu, najua majani ya kumpa mtoto mwenye tumbo. Kwa lugha yangu ni mtu mzima. Kwa Kipolandi, nikikosea mwisho wa neno, nashuka mpaka darasa la kwanza mbele za watu. Hadi tunatoka Kizimbani nilishahesabu vidole kumi na tisa.

Ndani ya gari dereva akaniuliza, "Maalim, yule mzee anataka nini?" Nikamwambia anataka nife.

Ili kuupoza moyo nikawasimulia wageni kisa changu cha "no". Kwa Kipolandi cha mazungumzo, "no" maana yake ni ndiyo, ehe, naam. Hakuna aliyenionya. Msimu wangu wa kwanza niliuliza kundi kama wanataka tuendelee mbele, wakajibu "no, no, no", nami nikawageuza wote nikawarudisha garini katikati ya matembezi. Wakacheka sana. Hata mzee alicheka.

Mchana, Mji Mkongwe

Chakula, choo, soko la Darajani, choo tena. Yapite hayo.

Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana, huwa sichezi. Hapa ndipo lilipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na kanisa likajengwa juu ya uwanja uleule. Nje kuna zile sanamu za watu shimoni, minyororo shingoni. Sehemu hii niliiandika yote, nikaikariri kama sura ya Kurani, kwa sababu ni mahali pasipofaa kubabaika. Nikasimama pembeni ya shimo nikaanza. Tu stały niewolniki. Hapa walisimama watumwa.

Nikamtazama mzee. Nilikuwa nimeshakaza meno. Kidole hakikupanda. Alikuwa anatazama sanamu, kofia mkononi. Nikamaliza hadithi bila kukatizwa, kwa mara ya kwanza siku ile, nikajipongeza.

Wenzake walipoingia kanisani akanishika kiwiko akanibakiza nyuma. Akasema polepole, kwa maneno mepesi ili nisipotee, kwamba kuna jambo moja hakutaka kulisema mbele ya watu. Kwa Kipolandi, wingi wa wanadamu wanaume una umbo lake. Ni niewolnicy, mwisho wake "tsi", na kitenzi chake ni stali. Mimi nilisema niewolniki, stały. Ni umbo la vitu, akasema. La meza. La mawe. La wanyama. Au mtu analitumia akitaka kudharau.

Nilihitaji muda kulielewa, kisha likaniingia kwa Kiswahili, lote kwa pamoja. Ni kama ningesimama pale kwenye shimo nikasema: hapa vilisimama vitumwa.

Sikuwa na la kumjibu. Nikasema asante. Akasema umekisema vizuri sana kila kitu kingine, nadhani ulikuwa uongo wa heshima. Tukaingia ndani.

Ndani kuna nguzo ambazo husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha miguu juu, askofu akiwa safarini. Askofu mwenyewe, Edward Steere, amezikwa nyuma ya madhabahu. Huyu alikuja hapa mtu mzima akajifunza Kiswahili, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kuwafundishia wenzake. Kila siku napita kaburini pake nikieleza habari za nguzo. Leo nilijikuta nawaza nani alikuwa akimsahihisha yeye, mtumishi gani, mtoto gani wa mtaani, na ni mara ngapi alisema "kitu" pale pa "mtu" na watu wakanyamaza kwa adabu. Mimi hiyo niewolniki yangu nimeisema misimu mitatu. Mamia ya watu wameisikia, wameitikia kwa vichwa, wamenipa na bahashishi.

Jioni, sijui saa ngapi

Baada ya hapo siku inakuwa uji. Beit al Ajaib, jumba la kale la masultani, tuliitazama kwa nje, mabati yameizunguka tangu sehemu yake ilipoporomoka Desemba 2020. Mama mmoja alipotea Hurumzi akitafuta vikoi, tukamtafuta nusu saa, tukamkuta anakunywa kahawa na wazee barazani, hana wasiwasi wowote, hana neno hata moja la Kiswahili. Kuanzia alasiri Kipolandi huanza kunitoka na Kitaliano kinaingia mlangoni bila hodi. Nilimshukuru mtu kwa grazie mara mbili. Kichwa kinauma mahali maalumu, juu ya sikio la kushoto, na hakuna dawa yake isipokuwa kunyamaza, na kunyamaza ndicho kitu pekee nisicholipwa.

Nungwi tulifika jua linazama. Wakaagana nami, wakanipa bahasha. Ndani kulikuwa na noti kidogo na sarafu nyingi za yuro, ambazo hakuna duka la kubadilisha fedha hapa linalozipokea. Nina kopo zima nyumbani. Mzee hakuniwekea fedha mkononi, alinipa peni yake na karatasi aliyoandika ndani ya gari: maneno yangu yote ya siku ile, ishirini, kila moja na umbo lake sahihi pembeni. Mwandiko wa ubaoni, umenyooka.

Saa tatu usiku

Daladala, kisha miguu. Mke wangu ameniwekea wali na mchuzi wa pweza, nimekula nimekaa kimya, amenizoea.

Binti yangu ndiye mtahini wangu kabla ya kulala. Anasoma daftari kwa matamshi yetu na mimi najibu, anapenda kwa sababu ndipo pekee anapopata kumwambia baba yake "kosa". Leo nilimpa ile karatasi anakili. Alipofika la mwisho akauliza, nikamweleza habari ya "tsi" na "ki".

"Kwa hiyo baba ulikuwa unasema vitumwa?"

"Ndiyo."

"Kwa watu wangapi?"

Nikaanza kupiga hesabu, watu kumi na wanne, siku nne kwa wiki, misimu mitatu, nikaiacha njiani. Nikamwambia afute ukurasa wote wa Mkunazini, auandike upya na peni ya mzee. Ameandika niewolnicy kwa herufi zao wenyewe, bila kubahatisha, kisha chini yake kwa zetu, "nievolnitsi", akapiga mistari miwili.

Kesho kundi jingine, na hawa wanataka kuwahi: wpół do siódmej. Siódma ni ya saba. Haya, niambieni kosta inatoka Fuoni saa ngapi.