Kiumbe Aliyekusanya Kuni Usiku

Jumapili, usiku

Mvua imeanza alasiri na haijakatika. Umeme ulikwenda saa mbili, nikawasha chemli na kumalizia kurasa za mwisho za Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley kuhusu Victor Frankenstein, kijana msomi aliyeunda kiumbe mfano wa binadamu kisha akamkimbia. Mara ya kwanza niliisoma chuoni, kwa ajili ya mtihani, nikajibu kama wenzangu: maumbile yana mipaka yake, na binadamu akiivuka kwa elimu yake ataumia. Nilipata alama nzuri. Usiku huu jibu lile silitaki tena.

Safari hii nimeshikwa na zile sura za katikati, ambapo kiumbe anasimulia mwenyewe. Siku zake za kwanza anazipitisha msituni, karibu na mji wa Ingolstadt. Hajui hata kutenganisha anachokiona na anachokisikia. Ana baridi, ana njaa, anakaa chini na kulia. Kisha mwezi unapanda juu ya miti, naye anautazama kwa mshangao, na kilio kinapungua. Kijito kinampa maji, miti inampa kivuli na matunda, ndege wanamwimbia. Anaukuta moto ulioachwa na ombaomba wapita njia, anatia mkono, anaungua. Hapo anajifunza kwamba kitu kimoja kinaweza kukupa joto na kukuumiza. Baadaye anaingia kijijini, mahali pa kwanza penye watu wengi kukanyaga mguu wake. Watoto wanapiga kelele, mwanamke mmoja anazimia, na wanakijiji wanamrushia mawe hadi anarudi nyikani.

Nilisoma hapo mara mbili. Siku zote zile msituni hakuna kilichomfukuza.

Anajificha katika kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini: mzee kipofu De Lacey na watoto wake, Felix na Agatha. Mwanzoni anawaibia chakula usiku. Akigundua kwamba wao wenyewe wanalala njaa, anaacha, anarudi kwenye matunda na mizizi ya porini. Anaona Felix anapoteza muda mwingi kutafuta kuni, basi usiku anachukua zana za kijana yule, anakwenda msituni, anarudi na kuni za kutosha siku kadhaa. Asubuhi Agatha anafungua mlango na kushangaa kuona rundo. Kiumbe anawasikia wakimtaja mfadhili wao wasiyemjua kuwa ni roho njema. Anafurahi, ingawa bado hajui maana ya maneno hayo.

Nimelifikiria sana neno tunalolitumia. Tukisema ustaarabu tunasema, katika mzizi wake wa Kiarabu, kujifanya Mwarabu, kuchukua tabia za watu fulani. Ni neno linalotazama nje: mavazi, lugha, nyumba ya mawe. Watu wa pwani wana neno jingine, uungwana. Nalo lina historia yake chungu, kwa sababu muungwana alikuwa mtu huru wa mjini, na aliyetoka bara aliitwa mshenzi. Lakini wazee waliligeuza neno hilo wenyewe waliposema uungwana ni kitendo. Kwa kipimo hicho, katika riwaya nzima sioni muungwana kumzidi yule aliyelala kibandani pembeni ya zizi la nguruwe, akikata kuni za watu wasiojua kwamba yupo.

Ustaarabu wote ulimfikia kupitia ufa wa ukutani. Kwa ufa huo alijifunza lugha, akasikia historia za dola zilizoinuka na kuanguka, akajua kwamba kuna mali nyingi kwa wachache na ufukara kwa wengi, na kwamba mtu asiye na mali wala ukoo bora huhesabiwa kama mtumwa. Alijifunza kusoma, akaokota vitabu msituni, akamsoma Plutarch, aliyeandika maisha ya watu wakuu wa kale, na Milton, mshairi wa Kiingereza. Alipojiona elimu imemtosha, akaingia kuzungumza na yule mzee, ambaye kwa kutoona kwake alimpokea kwa upole. Kisha wenye macho wakarudi. Felix alimpiga kwa fimbo.

Nyumba ile ilichomwa moto baadaye, na aliyeichoma ni yeye. Simtetei kwa hilo, wala kwa mtoto William, mdogo wake Victor, aliyemnyonga. Hata hivyo kifo kinachoniuma zaidi katika kitabu hiki hakitokani na mikono yake peke yake. Justine, mtumishi wa nyumba ya akina Frankenstein, anashtakiwa kumuua William. Kuna mahakama, kuna majaji, kuna padri anayemtisha hadi anakiri kosa asilolitenda. Kila kitu kinafuata utaratibu, na msichana asiye na hatia ananyongwa. Victor Frankenstein anaujua ukweli na ananyamaza. Kiumbe akikutana naye baadaye anamkumbusha kwamba sheria za binadamu, pamoja na umwagaji damu wake wote, humruhusu mkosaji ajitetee kabla ya kuhukumiwa. Anaomba haki hiyo tu: asikilizwe.

Wanakutana juu ya Mer de Glace, mto mkubwa wa barafu chini ya Mont Blanc, na kiumbe anasema mbingu zile tupu zina huruma kwake kuliko binadamu. Mary Shelley alifika huko Julai 1816, akiwa na miaka 18. Mwaka huo Ulaya ilikosa kiangazi. Volkano ya Tambora, kule Indonesia, ilikuwa imelipuka Aprili 1815, na vumbi lake lilizuia jua upande wa pili wa dunia. Mvua ziliwafungia ndani yeye na wenzake kando ya ziwa la Geneva, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Kwa hiyo maumbile yalikuwemo tangu mwanzo, yakigonga madirisha. Kitabu kilitoka Januari 1818 bila jina la mwandishi.

Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 kuhusu bwana mnyonya damu, ni kinyume chake kabisa. Jonathan Harker anaanza safari akilalamika kwamba kadiri unavyokwenda mashariki ndivyo treni zinavyochelewa. Mina, mchumba wake, anapiga chapa kumbukumbu zote. Daktari anarekodi sauti yake kwa mashine. Mbwa mwitu, ukungu na panya wanamtii Dracula, na watu wenye mashine na ratiba za treni wanamshinda. Naipenda riwaya ile, lakini inampa msomaji raha ya kujua yuko upande gani. Mary Shelley hakunipa raha hiyo.

Kwa miaka mingi wageni walioshuka kwenda Mer de Glace walipita mamia ya ngazi, na njiani kulikuwa na vibao vya miaka vilivyoonyesha barafu ilikuwa imefika wapi zamani. Kila waliposhuka, mwaka ulisogea karibu na wetu. Kiumbe aliyaita mapango ya barafu makao yake, mahali pekee ambapo binadamu hakumnyima nafasi. Makao hayo nayo tunayayeyusha.

Nimefunga kitabu na usingizi haujaja, kwa sababu ya zile kuni.

Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mzee aliyetuletea kuni mtaani. Uso wake wote ulikuwa na makovu ya moto, na jicho moja lilikuwa limefumba. Aliishi peke yake ng'ambo ya mto, kwenye vichaka. Alikuja alfajiri kabla watu hawajaamka, akaweka mzigo mlangoni, akaondoka. Kuni zake zilikuwa kavu daima, hata masika. Kwenye kona ya uzio wetu kulikuwa na jiwe bapa, na pesa yake tuliiweka juu ya jiwe hilo. Hakuna aliyempa mkononi. Siku moja nilichelewa kurudi ndani nikakutana naye uso kwa uso. Nilikimbia nikipiga kelele, na majirani wakatoka na fimbo. Yeye aliweka mzigo chini taratibu, akarudi alikotoka bila pesa yake. Keshoye kuni zilikuwepo mlangoni.

Saa nne nimempigia mama simu. Nilimkuta bado macho, mvua inanyesha na kwake. Nikamwuliza, "Mama, yule mzee wa kuni, jina lake aliitwa nani?"

Alikaa kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulimwita Mzee wa Kuni."