Yapo kwenye feni

"Dada, kwani mahesabu yapo kwenye feni?"

Beni huyo. Tangu Jumanne sauti yake inanifuata hadi jikoni. Bosi aliuliza Machi tulilipa ushuru kiasi gani bandarini. Nikainua macho kushoto, juu kidogo, usawa wa feni, pale Machi inapokaa, nikaitaja hela. Beni akatupa neno lake, ofisi nzima ikaangua kicheko. Nami nikajibu, "Yapo kwenye faili." Jibu gani hilo! Ningemwambia, "Yapo, ila kwa kimo chako huyafikii." Hilo limenijia usiku naosha vyombo. Na faili lilipofunguliwa hela ilikuwa ile ile, shilingi kwa shilingi. Kimya.

Posa ya Zuhura imejibiwa, ofisi inahamia Ilala mwisho wa mwezi, mimi bado niko kwenye feni.

Namba zangu zina makazi tangu utotoni. Moja hadi kumi na mbili zimelala chini kushoto, ishirini inakata kona, mia iko mbali kulia. Miezi imenizunguka, Desemba iko mgongoni (ndiyo maana kila mwaka inanivamia). Mwingereza Francis Galton aliandika habari za watu wa namna yangu mwaka 1880, pamoja na michoro ya namba zao. Na wasioziona namba hivyo nao wamo: mwaka 1993 Stanislas Dehaene na wenzake kule Ufaransa waliwapa watu vitufe viwili wabonyeze wakionyeshwa namba, wakakuta kwa namba ndogo mkono wa kushoto unawahi, kwa kubwa wa kulia. Beni naye, basi, ana feni yake. Hajui tu.

Jana nilikuwa Mbagala kwa mjomba. Nikamsimulia, nikitegemea acheke. Hakucheka. Nikamwuliza yeye aya anaikumbukaje.

"Naiona ilipo, mwanangu. Ukurasa wa kulia, mstari wa tatu kutoka chini."

Msahafu wake ni ile chapa ya Madina, mistari 15 kila ukurasa. Ukimpa chapa nyingine, anasema, anapotea njia. Haya, na moja hadi kumi je? Akafumba macho, akanyoosha mkono: moja kulia kabisa, zinaelekea kushoto. Kinyume na zangu! Mjomba alikaa chuo cha Kurani kabla hajaijua shule. Dehaene naye aliwapima Wairani, wanaoandika kutoka kulia, na kwa wale ambao hawajakaa sana Ufaransa mwelekeo ule ulikuwa hafifu.

Tukawa tunaonyeshana, yeye miaka yake, mimi miezi yangu, mikono hewani, hadi mkaza mjomba akauliza kama kuna popo darini. Nilicheka nikasahau kuwa kuna mtu anaitwa Beni.

Ila wakati naaga, mjomba akaniuliza kama mama amezoea dawa mpya za presha. Dawa zipi? Nimempigia mama, anaongea habari za posa tu.