Mapovu kwenye mpira wa levo

Kona ya kumi na moja kutoka chini, gari likazima tena. Mjomba akavuta hendibreki, nami nikaruka na jiwe langu, nikalisukumia nyuma ya tairi kabla mzigo haujaturudisha. Ilikuwa mara ya nne asubuhi ile. Nyuma tulipakia mifuko 20 ya mbolea ya kupandia, kilo 50 kila mmoja, na juu ya ukingo mawingu yalishaanza kukaa. Watu wa Matamba walikuwa wanaisubiri mbolea hiyo wapande viazi.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba 2008. Anayeijua barabara ya Chimala kwenda Matamba, kule Makete, hahitaji kuelezwa. Ni kona zaidi ya 50 zilizojikunja kwenye ukuta wa mlima, unapanda karibu mita 1000, na kila ukigeuka unaiona Usangu chini yako na mashamba yake ya mpunga. Ukizimikiwa pale, aliye nyuma yako naye amekwama.

Gari lenyewe lilikuwa Hilux yenye injini ya 3L. Niruhusu niiseme kidogo injini hii, maana naipenda mpaka leo. Silinda nne, cc 2779, haina tabo wala kompyuta. Hewa inabanwa zaidi ya mara 20 mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuiwasha dizeli yenyewe, kwa hiyo ikishaunguruma haidai umeme wowote isipokuwa waya mmoja unaokwenda kwenye pampu kufungua njia ya dizeli. Chomoa waya huo, inazima. Uurudishe waya ufunguo ukiwa umefunguliwa, utasikia "tak". Ina udhaifu wake: ikichemka sana silinda hedi inaweza kupasuka, na mkanda wa taimingi usipoubadilisha kila kilometa 100,000 utakulaza porini. Mjomba aliubadilisha mapema kuliko hapo, na maji ya rejeta aliyatazama kila asubuhi kabla hajanywa chai. Gari la mtu wa namna hiyo halizimi ovyo, na ndiyo maana lilipoanza kuzima aliumia kama mtu aliyetukanwa.

Fundi mmoja alikuwa ameshatoa hukumu wiki iliyotangulia. Alikanyaga resi, akasikiliza, akasema pampu imekufa, lazima ishushwe na kufunguliwa yote, laki nane. Mjomba hakubisha. Alirudi nyumbani akaanza kuulizia nani ananunua ndama.

Pale konani alifungua boneti, akachomoa ule waya wa pampu na kuugusisha tena. Tak. Umeme upo. Akaweka kiganja juu ya pampu ya mkono, ile iliyokaa kichwani mwa filta ya dizeli, akaibonyeza. Ililegea kama embe bovu. Akabonyeza mara arobaini hivi mpaka ikawa ngumu, akalegeza nati za nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, kwa spana namba 17, nikapiga stata, dizeli ikatoka na povu, kisha ikatoka safi. Akakaza. Likawaka mara moja.

"Linaingiza upepo," akasema. "Lakini wapi? Tazama mwenyewe, mpwa wangu. Hakuna hata tone."

Kweli, hapakuwa na tone. Paipu zote kavu, zina vumbi lile lile la siku zote. Mtu akiwa na tundu anatafuta unyevu, na hapa hapakuwa na unyevu.

Mimi wakati huo nilikuwa saidia fundi kwenye ujenzi Mbeya. Injini nilikuwa sijui zaidi ya kushika tochi na kupokea spana. Lakini kuna kazi moja niliijua vizuri, kwa sababu ndiyo anayopewa saidia fundi siku ya kwanza: kushika mpira wa levo. Ni ule mpira mweupe unaoona hadi ndani, unajazwa maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ile, na maji yanawaambia usawa wa msingi. Ukibaki na kipovu kimoja tu ndani ya mpira, ncha mbili hazikubaliani na nyumba nzima inakwenda upande. Nilishatumia asubuhi nyingi nikiupigapiga mpira ule kwa kidole, nikifukuza mapovu.

Na mpira wenyewe nilikuwa nao kwenye begi. Site ilifungwa mwisho wa juma, na vifaa vikiachwa huibwa, kwa hiyo fundi wangu alinikabidhi niondoke nao.

"Mjomba," nikamwambia, "tuyaone hayo mapovu yanapita wapi."

Akaniangalia kwa muda, kisha akanipa kisu.

Tulikata kipande cha kama mita moja, tukakitia kati ya filta na pampu mahali pa mpira mweusi wa zamani. Ulikuwa mgumu kuingia, tukachovya ncha zake kwenye chai ya moto ya chupa mpaka zikalainika. Tukafunga klipu. Tukatoa upepo, tukawasha. Sitaisahau picha ile: dizeli ikipita mbele ya macho yetu, rangi ya asali nyepesi, na ndani yake mapovu madogo yakikimbia mfululizo kama kwenye soda iliyofunguliwa sasa hivi.

Mjomba akakaa chini kwenye changarawe. Nadhani ndipo alipoliona jambo lote kwa mara moja, maana alianza kulisema kwa sauti, akijisemesha. Gari hili halina pampu nyingine kule kwenye tangi. Hii ya mbele ndiyo inayovuta dizeli toka nyuma kabisa. Kwenye tambarare, tangi na injini havipishani sana kimo, inavuta bila shida. Ndiyo maana kutoka Mbeya tulikuja na mzigo ule ule bila kukosa nguvu hata kidogo. Mlimani pua iko juu na tangi liko chini, inabidi ivute kwa nguvu, na palipo na ufa inavuta upepo kabla ya dizeli. Siku ambazo gari lilipanda vizuri, tangi lilikuwa limejaa. Leo lilikuwa nusu.

"Basi tuiletee dizeli kutoka juu," nikasema. Kwenye ujenzi maji hutoka kwenye pipa lililo juu, hakuna pampu.

Alikuwa na dumu lake la akiba la lita 20. Tukalipandisha juu ya kabini, tukalifunga kwa kamba ya katani, nikafunga nati nzito kwenye ncha ya mpira isielee, nikavuta kwa mdomo mpaka dizeli ikafika, ladha yake nikakaa nayo siku mbili. Ncha ya pili tukaiunga kwenye mlango wa filta, ili dizeli iendelee kuchujwa. Hilo Mjomba alilisisitiza sana. Uchafu ukiingia kwenye pampu, yule fundi angekuwa amesema kweli.

Tukawasha. Mapovu yakapungua, yakapungua, yakaisha. Mpira ukawa safi kama kioo cha taa. Injini ikabadilika sauti. Baada ya dakika tano hivi, Mjomba akapitisha kidole chini ya pampu ya mkono, akaninyooshea. Kidole kilikuwa kimelowa.

Lile tundu lililokuwa linavuta upepo kimya kimya, sasa lilikuwa linasukumwa na dizeli kutoka juu, likajionyesha lenyewe. Baadaye tulipoifungua pampu ile ya mkono tulikuta mpira mwembamba ulio ndani umepasuka kwenye mkunjo, ufa mfupi kuliko ukucha wa kidole kidogo.

Tulipanda. Nilikaa nyuma juu ya mifuko, mkono mmoja kwenye dumu, macho kwenye dizeli iliyobaki. Kona kwa kona, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Kitu kimoja tulikisahau: pampu ya injini haitumii dizeli yote inayopewa, inayozidi huirudisha kwenye tangi. Dumu likawa linaisha upesi kuliko tulivyopiga hesabu. Nikagonga bati kwa kiganja, Mjomba akazima kabla upepo haujaingia. Tukanyonya dizeli ile ile kutoka kwenye tangi, tukaijaza juu tena. Tulifanya hivyo mara mbili. Matamba tulifika saa kumi jioni, ukungu umeshuka, na watu walikuwa bado wamekaa kwenye kibaraza cha duka wakitungoja.

Ndama hawakuuzwa. Kichwa cha filta chenye pampu mpya ya mkono tulikipata Mbeya, kwa bei iliyokuwa chini ya mfuko mmoja wa ile mbolea. Mjomba alikifunga mwenyewe uani, lakini kile kipande cheupe cha mpira alikataa kukitoa. Kila asubuhi, akishatazama maji ya rejeta, alikuwa anainama na kukitazama na chenyewe. Dizeli ilikifanya kigumu na cha njano, tukawa tunakibadilisha kila baada ya miezi michache.

Jumatatu nilirudi kazini na mpira uliopungua, unanuka dizeli. Fundi akaunusa, akaupima kwa mikono, akaniuliza mita zake nyingine ziko wapi. Nikamwambia ziko kwenye gari la Mjomba, nikamweleza yote tangu ile kona. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama naweza kwenda kuliangalia Land Rover la shemeji yake.