Ukuta wa Manyara

Wiki iliyopita nilisimama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, juu ya barabara inayopanda kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu, Ziwa Manyara likiwa chini yangu kwa mamia ya mita. Wageni wengi hupiga picha za ziwa na kuondoka. Mimi nilivutiwa zaidi na genge lenyewe, kwa kuwa limetokana na ufa wa ardhi ambao upande wake mmoja umeteremka huku gamba la dunia likivutwa mashariki na magharibi.

Nyufa za mvutano kama huu ndizo zinazotawala Afrika Mashariki. Pale miamba inaposukumana, upande mmoja hupanda juu ya mwingine, na msukumo wa namna hiyo ndio ulioleta tetemeko la kipimo cha 9.0 nchini Japani mwezi Machi 2011. Kwenye ufa wa San Andreas, California, pande mbili hupitana tu kwa ulalo.

Genge la Manyara, basi, halikuinuka kwa siku moja. Miamba hukwama kwa msuguano, nguvu hulimbikizana kwa miaka mingi, kisha ufa huteleza ghafla na ardhi hutetemeka. Julai 2007 matetemeko mfululizo yalilitikisa eneo la Gelai, karibu na volkano ya Ol Doinyo Lengai, yakasikika hadi Nairobi. Huko mvutano haukuwa peke yake, kwani magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopenya chini ya ardhi ilisaidia kuzifungua nyufa.